Ngozi au Empakaai? Tusaidieni kuchagua

Kipepeo_Dom
Wakuu salaam. Hapa ofisini tumechoka na safari za kwenda kukaa hotelini na kula nyama choma. Safari hii tunataka kutembea kwa miguu mpaka kwenye ziwa la kreta, lile la juu milimani. Yamebaki majina mawili: Ngozi kule Rungwe na Empakaai kule Ngorongoro. Kikundi kimegawanyika na hela ya kutanguliza inatakiwa wiki hii. Lipi bora? Naomba waliofika, siyo waliosimuliwa.

Babu_Kreta
Swali halina nyama, mkuu. Mnatoka wapi? Mko wangapi? Mwezi gani? Gari gani? Wote raia au kuna mgeni ndani? Kuna mwenye goti bovu? Bila hayo kila mtu humu atakusifia kwao.

Mwana_Isongole
Ngozi, mjadala umefungwa.

Kutoka Mbeya mjini unafika Uyole, unakata kwenda Tukuyu, lami tupu. Isongole kuna kibao. Unaingia barabara ya vumbi, mashamba ya viazi kulia na kushoto, mpaka mwanzo wa msitu. Hapo gari inabaki, miguu inaanza. Msitu wa asili kabisa: mianzi, migomba pori, mbega juu ya vichwa vyenu. Mtu wa kawaida anapanda saa moja hivi, mwenye kupumzikapumzika aongeze nusu saa. Halafu miti inaachia ghafla, ziwa hilo chini yako, mita kama 200, kijani, kuta za msitu pande zote. Hakuna hoteli ukingoni, hakuna foleni ya magari ya watalii. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo sweta siyo hiari.

Karatu_Kwetu
Ndugu yangu Mwana_Isongole amesema kweli, ila kuna kitu amekiruka. Ngozi wengi wanaliangalia ziwa kwa juu, wanapiga picha, wanarudi. Empakaai unashuka mpaka majini. Njia inapita msituni, miti mikubwa imeota ndevu za kuvu, dakika 45 mpaka saa moja kwa mwendo wa kawaida, unatokea ufukweni kwenye magadi. Flamingo wakiwepo unawasikia kabla hujawaona. Na kabla ya kushuka, ukiwa pale ukingoni asubuhi kukiwa kweupe, unaiona Ol Doinyo Lengai, na siku ya bahati hata Kilimanjaro kule mbali. Mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu nyati wapo na hawana utani. Sasa ofisi nzima ikirudi na stori hiyo, nani atakumbuka viazi?

Mwana_Isongole
Viazi vimewakosea nini? Na njia ya kushuka mpaka maji ya Ngozi ipo. Vijana wa kijijini wanashuka.

Babu_Kreta
Vijana wa kijijini wanashuka kwa sababu wamezaliwa pale. Ile siyo njia, ni ukuta wenye mizizi ya kushikilia. Usimwambie mhasibu wa Dodoma ashuke pale.

Kipepeo_Dom
Asanteni. Tunatoka Dodoma. Tuko tisa. Usafiri upo, hilo lisiwape shida. Afya wote wako fiti.

Babu_Kreta
"Usafiri upo" ni gari gani? Na mwezi umeruka. Na uraia umeruka.

Jirani_wa_Marsabit
Habari zenu majirani. Kwa nini hakuna mtu ametaja Lake Paradise, Marsabit? Barabara ya Isiolo hadi Moyale ni lami siku hizi, hakuna tena yale mateso ya zamani. Mlima umesimama katikati ya jangwa, juu kuna msitu wa ukungu, ndani ya msitu kuna kreta, ndani ya kreta kuna ziwa. Jioni ndovu wanakuja kunywa. Huko ndiko aliishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mpaka akafa mwenyewe mwaka 1974. Martin na Osa Johnson, wale Wamarekani wa filamu, waliishi hapo kandokando ya ziwa miaka ya 1920. Hilo ni ziwa lenye historia bana.

Karatu_Kwetu
Jirani, karibu sana, lakini jamaa anatoka Dodoma. Unataka afike Marsabit lini, Krismasi?

Jirani_wa_Marsabit
Nimetoa maoni tu. Pia miaka ya ukame lile ziwa hupungua mpaka likabaki nyasi, kwa hivyo aulize kwanza kabla ya kutoka nyumbani.

Mtu_wa_Goma
Mimi niko Goma, nawasoma tu nacheka. Mita 2,000 mnaita juu? Bisoke, pale mpakani kwa Kongo na Rwanda, ni mita 3,711, na kale kaziwa kako juu kabisa kwenye kilele. Watu wanapandia upande wa Rwanda, Kinigi, asubuhi mapema, na wanarudi siku ileile. Matope yanafika kwenye magoti, na majani ya kuwasha yanakungoja kando ya njia. Ukifika juu na wingu limefunika, hauoni ziwa, hauoni mwenzako, hauoni kitu. Ukiwa na bahati linafunguka kidogo, watu wanapiga kelele, halafu linafunga tena.

Mama_Pendo_Moshi
Mimi nimefika Empakaai na nitasema ukweli wote, kwa sababu humu watu wanasifia tu.

Tulikuwa wanawake watupu, kikundi cha kikoba. Tulimpata wakala mmoja mtandaoni, jina lake nalihifadhi, bei nzuri, maneno matamu kuliko bei. Tukaambiwa kila kitu kimo: kiingilio, askari, chakula, gari la four-by-four. Tumelala Karatu, tukaambiwa saa kumi na moja na nusu alfajiri gari litakuwa mlangoni. Likaja saa mbili. Dereva ndiyo kwanza anatafuta mafuta.

Tumefika lango la Loduare, malipo ya watu wawili hayaonekani kwenye mfumo. Tumekaa pale kwenye baridi, tunachangishana ili safari isife, wakala hapokei simu. Tukapanda ukingo, tukapita njia ya Nainokanoka. Pale ndipo tulipotakiwa kumchukua askari. Askari gani? Hakuna aliyeomba askari. Jamaa wa pale walikuwa waungwana, wakatutafutia mmoja, lakini hilo nalo muda.

Halafu lile bonde la Bulbul. Usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha. Gari likaanza kuteleza, dereva akasema ngoja niweke four-wheel. Akavuta kile kirungu, akavuta tena. Magurudumu ya mbele hayakuwa na habari! Tukashuka akina mama wazima na vitenge vyetu, tukasukuma. Vijana wa Kimasai waliokuwa wanachunga wakaja kusaidia, na Mungu awabariki, maana dereva alikuwa anatoa maelekezo tu akiwa ameshika usukani.

Tumefika ukingo wa Empakaai saa nane mchana. Ukungu mzito. Askari akatuambia wazi: mkishuka mpaka chini hamtapanda kwa wakati, na lango linafungwa saa kumi na mbili jioni. Tukashuka nusu ya njia. Tukalisikia ziwa. Sijui flamingo au bata, tulisikia sauti. Chakula kwenye boksi: yai moja, kipande cha keki kilichokauka, na juisi ya moto. Ya moto, kule kwenye baridi ile, sijui waliihifadhi wapi. Kupanda kurudi, yule mweka hazina wetu akakaa chini akasema niacheni hapa. Hewa ya juu siyo ya Moshi mjini.

Hela zetu tulizochanga langoni mpaka leo hazijarudi. Mimi sijaliona ziwa la Empakaai.

Karatu_Kwetu
Pole sana mama. Lakini hayo ni ya wakala, siyo ya Empakaai. Askari anaombwa mapema, ofisi za Mamlaka ya Hifadhi, siyo njiani. Na mtu anayelala Karatu anatakiwa awe langoni linapofunguliwa asubuhi. Kutoka ukingo wa Ngorongoro mpaka Empakaai ni mwendo wa saa mbili au zaidi, barabara yenyewe ni ile.

Mama_Pendo_Moshi
Najua ni ya wakala. Nasema ili na huyu kijana anayetaka kutanguliza hela wiki hii asome. Kipepeo, unatanguliza hela kwa nani?

Kipepeo_Dom
Pole mama. Kuna jamaa ametupa bei ya "package". Ameniambia gari letu tunaweza kuacha Karatu au kwenda nalo, tutakavyopenda.

Kuhusu gari: ni Noah moja na IST ya bosi.

Babu_Kreta
🤣🤣🤣

Karatu_Kwetu
Noah na IST zitafika mpaka lango la Loduare bila shida, ni lami. Kutoka pale kwenda Empakaai, hapana. Huyo aliyekwambia "mtakavyopenda" hajawahi kufika Bulbul wakati wa mvua. Mtakodi Land Cruiser mbili, na hapo bajeti inabadilika sura. Njia yenyewe siyo mbaya kwenu: Dodoma, Kondoa, Babati, mkifika Makuyuni mnakata kushoto kwenda Mto wa Mbu na Karatu. Hamna haja ya kufika Arusha.

Mwana_Isongole
Na huku kwetu IST inafika mpaka karibu na mwanzo wa msitu kama hakujanyesha. Ikinyesha mnaiacha kijijini, mnapanda bodaboda. Dodoma–Iringa lami, Iringa–Makambako–Mbeya lami. Hata mkiacha magari nyumbani mkaja na basi, Nanenane pale Mbeya Coaster za Tukuyu na Kyela haziishi.

Babu_Kreta
Mwezi. Nauliza mara ya mwisho.

Kipepeo_Dom
Ni Pasaka. Kutoka Ijumaa Kuu hadi Jumatatu.

Babu_Kreta
Sasa umesema. Pasaka hii inaangukia Aprili. Aprili, Rungwe, mvua haina mapumziko. Aprili, nyanda za Ngorongoro ni masika. Wote mlioshauri hapo juu mlikuwa mnashauri mwezi wa nane.

Mwana_Isongole
Tukuyu mvua ni mwaka mzima mkuu, tungekuwa tunaogopa mvua tusingezaliwa. Njia ya Ngozi Aprili inateleza, ndiyo. Mnavaa gambuti, mnakata fimbo, mnapanda taratibu na kijana wa kuwaongoza.

Nyayo_Ndefu
Gambuti? Tafadhali msimdanganye mtu. Gambuti mpya kwenye mteremko wa mizizi ni kujitafutia kuvunjika. Haikamati kifundo, na maji yakiingia ndani yanakaa humo humo. Viatu vya mlima vyenye meno, soksi nzito mbili, basi.

Mwana_Isongole
Waongozaji wote wa Ngozi wanavaa gambuti. Wote.

Nyayo_Ndefu
Waongozaji wanavaa gambuti kwa sababu viatu vya mlima bei yake ni ya mbuzi wawili. Wape buti nzuri uone kama watarudi kwenye gambuti.

Mtu_wa_Goma
Kule Bisoke pale chini watu wanakodisha gambuti na vile vya kufunga miguu. Matope ya kule yanakula viatu vyako vya bei. Mimi niko na Mwana_Isongole.

Nyayo_Ndefu
Matope ya Bisoke ni matope. Ngozi ni mizizi. Ni vitu viwili tofauti.

Kipepeo_Dom
Naomba turudi kwenye mada. Kwa Pasaka, lipi?

Mwalimu_Jografia
Mimi ningechagua Ngozi kwa sababu ya elimu pia. Ni ziwa la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya volkeno. Hata vibao vinasema hivyo.

Nyundo_ya_Miamba
Mwalimu, kwa heshima zote, vibao havijapima. Ziwa Shala la Ethiopia liko ndani ya kaldera, lina urefu wa zaidi ya kilomita 20, kina zaidi ya mita 250. Ngozi lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na kina cha mita sabini na kitu. Bado kuna Wenchi, hukohuko Ethiopia, liko juu zaidi ya Ngozi kwa mamia ya mita. Hilo "la pili" linategemea nani kahesabu na kahesabu nini.

Mwalimu_Jografia
Na Bosumtwi la Ghana?

Nyundo_ya_Miamba
Bosumtwi ni shimo la kimondo, siyo volkeno. Halimo kwenye mashindano haya kabisa.

Ngozi ni zuri bila kuhitaji cheo. Ni kaldera: mlima ulitapika sana, ukabaki hauna nguzo, ukaingia ndani. Na haukutulia zamani sana. Milipuko ya mwisho inakadiriwa kuwa ya miaka kama 500 au 600 iliyopita. Ndiyo maana kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, inachunguza eneo hilo kwa ajili ya umeme.

Mama_Pendo_Moshi
Subiri. Mlima ambao haujatulia, na watu wanakwenda kupiga picha? Si kule Kamerun ziwa liliua kijiji kizima?

Nyundo_ya_Miamba
Nyos, mwaka 1986, watu zaidi ya 1,700. Hewa ya ukaa ilijikusanya chini ya maji kwa miaka, ikatoka kwa mkupuo, ikatiririka mabondeni usiku watu wamelala. Rungwe hewa hiyo inatoka ardhini sehemu kadhaa, hiyo siyo siri. Kuna hata kiwanda kinaivuna kwa ajili ya vinywaji. Kuna mashimo ya mabondeni ambako utakuta ndege na panya wamekufa. Wakazi wanayajua na hawayasogelei. Mtembezi wa ukingoni, mita 200 juu ya maji, penye upepo, mimi ningemhofia kuteleza kabla ya gesi.

Mtu_wa_Goma
Hayo mashimo sisi tunaita mazuku. Watoto wetu wanafundishwa mapema: usilale bondeni, usimfuate mbuzi aliyeanguka shimoni.

Mwana_Isongole
Wazee wetu nao walikuwa wanakataza watu kwenda kule bondeni hovyo. Walisema ziwa lina wenyewe. Mpaka leo kuna waganga wanafuata maji na majani ya pale.

Mwalimu_Jografia
Na hela za Wajerumani zilizotupwa ziwani?

Mwana_Isongole
Hiyo ni Masoko, mwalimu, kreta nyingine chini kule, Wajerumani walikuwa na boma pale. Kila ziwa la Rungwe sasa watu wanalibandika hazina ya Mjerumani.

Kipepeo_Dom
Kwa kutajwa Wajerumani: kati yetu tisa, mmoja ni Mjerumani, anafanya kazi nasi kwa mkataba.

Babu_Kreta
😂 Nilijua kuna kitu bado kimefichwa. Na goti?

Kipepeo_Dom
Goti ni la bosi. Siyo sana.

Karatu_Kwetu
Ngorongoro mgeni ana kiwango chake, raia wa Afrika Mashariki ana chake, na tofauti ni kubwa. Kama ana kibali cha kuishi nchini, aje nacho mkononi, kile chenyewe, siyo picha kwenye simu, na mpige simu Mamlaka kabla ili mjue kiwango cha mwaka huu. Kuhusu goti: Empakaai kushuka ni rahisi, shida ni kwamba gari linabaki juu. Kila hatua uliyoshuka utailipa.

Mwana_Isongole
Ngozi pia mgeni ana bei yake, mnalipa TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kwa namba ya malipo, mnapewa risiti. Mtu akiwaomba hela mkononi njiani, mwombeni risiti kwanza.

Nyayo_Ndefu
Goti la bosi kwenye mizizi ya Ngozi mwezi wa nne, kwa gambuti. Naomba picha.

Babu_Kreta
Ushauri wangu: kwa magari yenu, bajeti yenu na goti la bosi, nendeni Rungwe. Ngozi mpande asubuhi sana kabla mvua ya mchana haijafika. Bosi akishindwa, kuna Daraja la Mungu pale mto Kiwira na maporomoko ya Kaporogwe, gari linamfikisha karibu. Empakaai msubiri mwezi wa saba au wa nane, mkodi gari la kweli.

Karatu_Kwetu
Sipingi, ila mwezi wa saba Empakaai asubuhi kuna baridi ya kukata masikio. Msije mkasema sikuwaambia.

Kipepeo_Dom
Shida ni kwamba kundi la Empakaai ndilo lenye bosi. Ameshaona picha za flamingo.

Mama_Pendo_Moshi
Mwonyeshe bandiko langu.

Mwana_Isongole
Mwambie bosi akija Isongole atarudi na gunia la viazi kwa bei ya shambani.

Nyayo_Ndefu
Gunia gani, lumbesa? Mimi nilinunua pale barabarani gunia lina kichwa kirefu kuliko gunia lenyewe, nikafurahi, kufika Mbeya nikaambiwa nimebeba kinyume cha vipimo.

Mwana_Isongole
Lumbesa anayelia ni mkulima, siyo mnunuzi. Wewe ulipata kilo za bure, mkulima ndiye aliyeibiwa.

Karatu_Kwetu
Hapo nakuunga mkono. Huku kwetu vitunguu ni hivyohivyo. Sheria ya vipimo ipo, kilo 100 mwisho, mnunuzi anakuja na gunia lake na kamba ya kushonea kile kilemba juu.

Mwalimu_Jografia
Wakulima wakigoma wote kwa pamoja lumbesa inaisha ndani ya msimu mmoja.

Mwana_Isongole
Mwalimu, viazi vinaoza. Nani atagoma na viazi shambani?

Kipepeo_Dom
Wakuu, Noah inaweza kubeba watu saba na gunia moja?

Nyayo_Ndefu
Gunia au lumbesa?